Nani Mwenye Pwani? Utoto na Likizo katika Vijiji vya Wales

Utangulizi

Darasani tumezoea kuihoji riwaya: nani anasimulia, anasimulia kwa manufaa ya nani, na nani kanyimwa nafasi ya kusema. Lakini zikija kumbukumbu za utotoni, ghafla tunakuwa wapole. Mtu akiandika kwamba alipokuwa mtoto alichezea mchanga, akala aiskrimu, akababuka mgongo kwa jua, tunatabasamu na kusema eti utoto ni utoto. Mimi sikubaliani. Kumbukumbu ya ufukoni nayo ina tabaka lake, ina reli yake, ina sheria yake ya bunge, na mara nyingi yuko mtu aliyehamishwa chumbani kwake ili kumbukumbu hiyo ipatikane.

Makala haya yanaijadili hoja hiyo kwa kuangalia pwani ya Wales, nchi ndogo iliyo magharibi mwa kisiwa cha Uingereza. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni pwani iliyoandikwa sana, kwa lugha mbili, na watu wasiosikilizana sana. Pili, niliishi huko. Kati ya 1996 na 1999 mama yangu alikuwa akisoma sayansi ya bahari katika Chuo Kikuu cha Bangor. Maabara zao zilikuwa Menai Bridge, mji mdogo ng'ambo ya mlangobahari, katika kisiwa cha Anglesey, ambacho wenyewe hukiita Ynys Môn. Mimi, mtoto wa Tanga, nikaandikishwa shule ya msingi ya kijiji, na masomo yalikuwa kwa Kiwelisi. Kwa hiyo sisemi kama mtalii, wala siwezi kudai kuwa mwenyeji. Nasema kama mtu aliyekuwa katikati, na katikati huonekana mengi.

Pwani kabla ya likizo

Tuanze na kazi. Kwa karne nyingi mtu wa kijiji cha pwani ya Wales hakuitazama bahari kwa starehe. Kule Nefyn, katika rasi ya Llŷn, watu waliishi kwa samaki aina ya heringi, na samaki hao ndio nembo ya mji. Porthmadog, bandari iliyostawi katika karne ya 19, ilisafirisha mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya milimani, na majahazi yake yalifika Amerika na Ujerumani. Mtoto wa kiume alianza ubaharia angali kijana mdogo. Wake wa manahodha waliendesha nyumba, mashamba na hesabu peke yao, na baadhi walipanda chombo pamoja na waume zao na kuzaa watoto safarini. Katika vijiji hivyo mtu aliweza kuijua Valparaiso kuliko London.

Bahari hiyo ilikuwa pia kaburi. Kijiji cha Moelfre, upande wa mashariki wa Anglesey, kinakumbuka usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1859. Meli iitwayo Royal Charter, ikitoka Melbourne kwenda Liverpool na watu waliokuwa wakirudi na dhahabu, ilipigwa na dhoruba ikavunjika juu ya miamba, hatua chache tu kutoka nchi kavu. Walikufa zaidi ya watu 400. Wanakijiji walishikana mikono wakaingia majini kuwavuta walionusurika, nao walikuwa kama 40 tu. Charles Dickens alikwenda kule baadaye akaandika juu ya kasisi wa parokia ile, Stephen Roose Hughes, aliyezika maiti kanisani Llanallgo na kuwaandikia jamaa za marehemu zaidi ya barua 1,000. Kasisi huyo mwenyewe alifariki mwaka 1862. Miaka 100 baadaye, tarehe 27 Oktoba 1959, meli ndogo iitwayo Hindlea ilikwama karibu na mahali palepale. Safari hii mashua ya uokoaji ya Moelfre, ikiongozwa na Richard Evans, iliwatoa mabaharia wote wanane wakiwa hai.

Nilipelekwa Moelfre na shule nikiwa darasa la nne. Watoto wa pale walitusimulia habari hizo kana kwamba walikuwapo. Hawakusema "meli ilizama". Walisema "babu zetu walishika kamba". Huo ndio utoto wa mtoto wa kijiji cha pwani: bahari ni jambo la ukoo.

Likizo ilitoka wapi

Likizo ya pwani haikushuka kutoka mbinguni. Ililetwa na reli, sheria na mishahara.

Njia ya reli kutoka Chester ilifika Bangor mwaka 1848, na daraja la Britannia juu ya mlangobahari wa Menai likafunguliwa 1850. Aberystwyth ilipata treni mwaka 1864. Barmouth ilifikiwa 1867 kwa daraja refu la mbao lililovuka mlango wa mto Mawddach. Mji wa Llandudno ulipangwa na ukoo wa Mostyn, wenye ardhi ile, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840. Barabara zilinyooshwa, hoteli zikapangwa mstari kuikabili ghuba, na gati la matembezi likafunguliwa 1877. Mwaka 1871 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya sikukuu za benki, na Jumatatu ya mwanzoni mwa Agosti ikawa siku ya watu wengi kwenda baharini. Lakini siku moja ni siku moja. Ni hadi mwaka 1938 ndipo ilipopitishwa sheria ya likizo yenye malipo, na kwa sababu ya vita matunda yake yakaonekana hasa baada ya 1945.

Hapa nataka kutahadharisha. Wapo wanaopenda kusimulia historia hii kwa mkato: matajiri wa Kiingereza walikuja, maskini wa Kiwelisi wakaumia. Mambo si mepesi hivyo. Mwaka 1920 machimbo ya makaa ya mawe ya Wales ya Kusini yaliajiri watu wapatao 271,000. Watu hao walikaa mwaka mzima ardhini, katika vumbi na giza. Palikuwa na desturi ya machimbo kufungwa wiki ya mwisho ya Julai na ya kwanza ya Agosti, na mabonde yote yakahamia pwani kwa pamoja. Wengi walikwenda Porthcawl, kwenye misafara ya nyumba za magurudumu ya Trecco Bay. Mtaa wote ulihama, majirani walikutana tena na majirani, na mchimbaji aliweza kumwona mwanawe mchana kweupe siku 14 mfululizo. Wengine walikwenda kisiwa cha Barry kwa siku moja, mara nyingi kwa matembezi ya shule ya Jumapili yaliyoandaliwa na kanisa. Karibu na mchanga ule waliochezea ilikuwepo bandari ya Barry, ambayo mwaka 1913 ilisafirisha tani zaidi ya milioni 11 za makaa, makaa yaleyale waliyoyachimba baba zao. Mtoto akijenga ngome ya mchanga aliweza kuona jasho la baba yake likipakiwa melini.

Nani atathubutu kumwambia mtoto huyo kwamba kumbukumbu yake ya likizo ni ya kibwanyenye? Likizo kwa mfanyakazi ilikuwa haki iliyodaiwa ikapatikana. Hata kambi kubwa ya Butlin karibu na Pwllheli, iliyofunguliwa kwa wageni mwaka 1947 baada ya kutumika kama kambi ya jeshi la majini wakati wa vita, iliwapa familia za viwandani kitanda, chakula na michezo kwa bei waliyoimudu. Wenyeji wengine waliipinga wakihofia lugha yao na Jumapili yao. Wengine waliajiriwa pale. Yote mawili ni kweli.

Banda la nyuma

Sasa tumgeukie yule aliyempokea mgeni. Rafiki yangu wa shule alikuwa na bibi yake, tukimwita Nain, neno la Wawelisi wa Kaskazini kwa bibi. Alizaliwa miaka ya 1920 katika kijiji kimoja cha rasi ya Llŷn. Nyumba yake ilikuwa na harufu ya mkate na mafuta ya taa, nasi tulipenda kushinda kwake mvua inaponyesha, na kule mvua hainyeshi kidogo. Siku moja nilimwuliza likizo zao za utotoni zilikuwaje. Akacheka hadi akafuta machozi.

"Likizo? Mjukuu wangu, likizo zilikuwa za watu. Sisi tulikuwa na wageni."

Akatueleza. Julai ikifika, mama yake alifua mapazia, akapaka chokaa kuta, kisha familia nzima ikahamia banda la nyuma ya nyumba, lile la nyavu na viazi. Vyumba vyote alipewa mgeni kutoka Liverpool au Manchester pamoja na wanawe. Mgeni alinunua nyama na mboga zake, mama wa nyumba akampikia na kumwandalia mezani. Watoto wa nyumba walikatazwa kupiga kelele, wakafundishwa kusema "asante" kwa Kiingereza, wakatumwa kubeba chai hadi ufukoni. Walilala watano juu ya magodoro ya majani. Fedha iliyopatikana ilinunua viatu vya shule na makaa ya majira ya baridi.

"Lakini tulifurahi," akaongeza. "Kule bandani tulikuwa huru. Tulilala tukisikia bahari, na baba alitusimulia hadithi, kwa sababu hapakuwa na chumba kingine cha kwenda."

Jibu hili limenisumbua miaka mingi. Kwa nadharia zetu tungetegemea alalamike. Hakulalamika, alikumbuka banda kwa furaha ileile ambayo mtoto wa Manchester, mahali fulani, alikumbuka chumba alicholala, bila kujua kwamba kitanda kile kina mwenyewe. Watoto wawili, nyumba moja, Agosti moja, kumbukumbu mbili tamu. Tofauti ni kwamba mmoja alijua habari za mwenzake, na mwingine hakujua. Na katika maandishi, yule asiyejua ndiye aliyesikika zaidi.

Wenyeji wa pande zile humwita mtu wa likizo "pobol ddiarth", yaani watu wasiofahamika. Kiswahili chetu kina neno mgeni, ambalo lina maana zote mbili: yule unayemkaribisha na yule usiyemjua. Sijui kama ipo lugha ya pwani isiyolazimika kubeba maana hizo mbili katika kapu moja.

Mtoto wa mjini na kipaza sauti

Mwandishi maarufu kuliko wote katika mada hii ni Dylan Thomas, aliyezaliwa Swansea tarehe 27 Oktoba 1914 na kufariki New York tarehe 9 Novemba 1953. Mwaka 1946 alitangaza katika redio ya BBC makala iitwayo Holiday Memory, inayosimulia sikukuu ya Agosti ufukoni. Aliishi New Quay mwaka 1944 hadi 1945, na Laugharne kuanzia 1949. Kutokana na vijiji hivyo viwili alipata mazingira ya mchezo wake wa redio, Under Milk Wood, uliotangazwa Januari 1954 akiwa tayari ameshazikwa.

Uwezo wake sina haja ya kuutetea. Anajua kurundika vitu mpaka ufuko unajaa watu, mbwa, mikate na mvuke wa chai. Ninachouliza ni pembe anayosimama. Thomas ni mtoto wa mjini, mwana wa mwalimu wa Kiingereza. Wazazi wake wote wawili walijua Kiwelisi, lakini hawakumrithisha. Anapoutazama ufuko, anautazama kwa jicho la mtoto aliyekuja asubuhi na atakayerudi nyumbani jioni. Ndiyo maana katika makala ile siku ni moja tu, nayo inang'aa. Mwanakijiji hawezi kuwa na siku moja; ana Novemba pia. Na katika Under Milk Wood kijiji ni kizima, kina usiku na mchana wake, ila watu wake wanachekesha namna watu wanavyochekesha machoni mwa jirani aliyehamia juzi.

Upande wa Kiwelisi tunakutana na Kate Roberts, aliyeishi tangu 1891 hadi 1985. Alikulia Rhosgadfan, kijiji cha wachimba mawe kilicho mlimani, ambako bahari inaonekana kwa mbali chini. Katika Te yn y Grug, hadithi za utotoni zilizotoka 1959, na katika kumbukumbu zake, Y Lôn Wen, za mwaka 1960, utoto umejaa bei ya vitu, maradhi, vifo na akina mama wanaohesabu senti. Hazikosi uzuri, lakini ni uzuri wa watu ambao lazima wafike mwisho wa mwezi. Tukimsoma Thomas peke yake tutadhani utoto wa Wales ni Agosti tupu. Tukiwasoma pamoja tunaanza kuona mwaka mzima.

Lugha ya mchangani

Tuje kwenye lugha, maana hapa ndipo mimi binafsi nilipoguswa. Niliingia shuleni nikiwa na Kiswahili na Kiingereza cha kubabaisha. Baada ya miezi sita nilikuwa nagombana kwa Kiwelisi, na ugomvi, kama tujuavyo, ndio mtihani halisi wa lugha. Tulikwenda kuvua kaa gatini Menai Bridge. Wenzangu walifunga kipande cha nyama ya nguruwe kwenye uzi. Mama alinikataza hata kuishika, akanipa kichwa cha samaki. Kumbe kaa wa Anglesey nao wana ladha yao: ndoo yangu ikajaa, na wiki iliyofuata watoto wote wakaja na vichwa vya samaki.

Kupwa na kujaa kwa maji kulinifanya nijisikie nyumbani. Menai wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, na mkondo unapita chini ya daraja la Telford la mwaka 1826 kama mto uliochukia. Mama alinionyesha kwamba majina tuliyokuwa nayo, bamvua, maji mafu, kupwa, yalitosha kabisa kuieleza bahari ile ngeni. Nilipomweleza Nain kwamba kwetu neno pwani linatokana na kupwa, yaani mahali maji yanapoondoka, alilirudia mara kadhaa kisha akasema lugha yenye neno kama hilo haiwezi kufa.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Katika karne ya 19, baadhi ya shule za Wales ziliwaadhibu watoto kwa kibao kilichoitwa Welsh Not. Mtoto aliyekamatwa akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni. Akimsikia mwenzake akisema, alimpa yeye kile kibao. Jioni aliyekutwa nacho alichapwa. Taarifa ya serikali ya mwaka 1847 kuhusu elimu ya Wales iliidharau lugha ile na maadili ya watu wake, na Wawelisi wanaiita hadi leo usaliti wa vitabu vya bluu. Msomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o atakuwa ameshashtuka. Katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, Ngũgĩ anaeleza jinsi shuleni Kenya, baada ya mwaka 1952, mtoto aliyesema Kikuyu alivyopewa kitu cha kumpitishia mwenzake aliyekamatwa, na wote waliopitiwa nacho wakaadhibiwa. Mbinu ni ileile: kumfanya mtoto awe mpelelezi wa mtoto mwenzake. Haikubuniwa kwa ajili ya Waafrika. Kwa Waafrika ilikuja ikiwa imeshajaribiwa.

Watoto wawili kutoka Kongo

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba mimi na mama tulikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuishi pwani ile. Kumbe tulichelewa miaka zaidi ya mia.

Mwaka 1885 mmisionari Mbaptisti, William Hughes, alirudi Wales kutoka Kongo akiwa na wavulana wawili, Kinkasa na Nkanza. Aliwazungusha makanisani, watu wakachanga fedha, na akaanzisha Colwyn Bay, mji wa likizo wa pwani ya kaskazini, chuo cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika ufundi na dini ili warudi kwao. Mlezi wa heshima wa chuo hicho alikuwa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, yuleyule ambaye utawala wake ulikuwa ukiwakamua Wakongo kwa ajili ya pembe na mpira. Makumi ya vijana walipita pale kabla ya chuo kufungwa mwaka 1912, kufuatia kashfa iliyoandikwa na gazeti moja la London na kesi ambayo Hughes alishindwa. Alifilisika, akafia katika nyumba ya maskini mwaka 1924.

Kinkasa alifariki 1888 na Nkanza 1892, na wamezikwa Old Colwyn. Mama alinipeleka makaburini siku moja ya Aprili yenye upepo. Alisimama kimya, akaniambia nisome majina kwa sauti ili wasikie yakitamkwa na mtoto wa Afrika. Nikasoma.

Wanahistoria wameandika juu ya Hughes, juu ya chuo, juu ya kesi. Lakini hebu fikiria: watoto hao wawili waliishi miaka yao ya mwisho katika mji wa likizo. Waliona treni zikileta familia kila Julai, waliona watoto wa rika lao wakichezea mchanga. Nini waliliona baya, nini waliliona zuri? Waliionaje baridi ile? Hakuna ukurasa wa kutujibu. Mtu aliyewapeleka aliandika kitabu; wao waliachiwa jiwe. Ukizungumzia "utoto katika pwani ya Wales" bila wao, umeandika nusu.

Na jambo jingine la kushangaza: si mbali na hapo, huko St Asaph, ndiko alikokulia katika nyumba ya maskini mtoto aliyeitwa John Rowlands, mzaliwa wa Denbigh mwaka 1841. Baadaye alijiita Henry Morton Stanley, akaajiri wapagazi Zanzibar, akamfungulia Leopold njia ya Kongo. Pwani ileile ilimtoa aliyekwenda na ikawapokea walioletwa.

Nyumba zisizo na moshi

Watu wa banda la nyuma walibaki wenye nyumba. Hilo ndilo lililobadilika. Tangu miaka ya 1960 na 1970, reli nyingi zilipofungwa na magari yakaongezeka, mgeni hakupanga chumba tena, alinunua nyumba. Kuanzia Desemba 1979 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi la siri lililojiita Meibion Glyndŵr, wana wa Glyndŵr, lilichoma moto nyumba za likizo zaidi ya 200. Kuchoma nyumba ni jinai, na wanakijiji wengi walilaani. Lakini hasira haikuzuka hewani. Mwaka 2015, kule Abersoch, kibanda cha ufukoni kisicho na umeme wala maji kiliuzwa kwa paundi 153,000. Kijana wa pale aliyetaka kuoa angejenga wapi?

Desemba 2021 shule ya msingi ya Abersoch ilifungwa, kwa kuwa wanafunzi walibaki wa kuhesabika kwa vidole. Tangu Aprili 2023 halmashauri za Wales zinaruhusiwa kutoza nyumba za pili nyongeza ya kodi ya hadi asilimia 300. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi 538,000, asilimia 17.8 ya watu wa Wales, ilhali mwaka 1901 walikuwa kama nusu. Katika Gwynedd ni asilimia 64.4, Anglesey 55.8, yaani lugha imebaki na nguvu zaidi palepale ambapo nyumba zinatamaniwa zaidi. Ndiyo maana nasema kumbukumbu ya likizo si jambo la hisia tu. Mtu mzima hununua nyumba mahali alipofurahi utotoni. Ile Agosti tamu ndiyo inayotia saini hundi.

Nchi iliyozama

Wenyeji wana ngano yao juu ya haya. Inasemekana chini ya ghuba ya Cardigan ipo nchi iliyozama, Cantre'r Gwaelod. Shairi la kale lililohifadhiwa katika hati ya Carmarthen ya karne ya 13 linamlaumu msichana Mererid, aliyeachia kisima kikafurika. Masimulizi ya baadaye yakahamishia lawama kwa Seithenyn, mlinzi wa milango ya bahari, kwamba alilewa. Mwanahakiki ataona hapo mabadiliko ya nani anafaa kulaumiwa. Na kule Borth na Ynyslas, maji yakipwa sana, vinaonekana visiki vya msitu wa zaidi ya miaka 4,000, kwa hiyo ngano ina mizizi ya kushikika.

Leo ipo Fairbourne, kijiji kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya likizo, juu ya ardhi iliyo chini mno. Mpango wa ulinzi wa pwani wa mwaka 2013 ulieleza kuwa kuta zake hazitaendelea kudumishwa milele, na mwaka 2054 ukatajwa kuwa mwisho. Wakazi wanaupinga. Seithenyn wa sasa ni nani? Aliyejenga pale, aliyechoma makaa, au aliyeandika mpango? Washairi watakuwa na kazi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika pwani moja kuna watoto wasiopungua wanne: mtoto wa mjini aliyekuja kwa siku, mtoto wa mchimbaji aliyekuja kwa majuma mawili ya haki yake, mtoto wa kijiji aliyehamia bandani, na mtoto aliyeletwa kutoka mbali. Wote walishika mchanga uleule. Fasihi imemsikiliza sana wa kwanza, wa pili na wa tatu kiasi, wa nne karibu si kabisa. Sipendekezi tumnyamazishe wa kwanza. Dylan Thomas aendelee kusomwa, tena kwa furaha. Ninachopendekeza ni kwamba kila tunaposoma kumbukumbu ya likizo, tuulize maswali mawili rahisi: mwandishi alilala kitanda cha nani, na mwenye kitanda alilala wapi?

Wenzangu wanaoandika tasnifu kuhusu kumbukumbu na tawasifu za Kiswahili wanaweza kuyajaribu maswali hayo pia katika fukwe zetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ambako hoteli zimeongezeka na watoto wa akina Nain wapo tele, wakibeba madafu. Wao bado wadogo, na hawajaandika. Wenye hoja tofauti nawakaribisha ukumbini.